Benki Ina Haki ya Kuuliza, Haina Haki ya Kunyamaza

Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, saa mbili na nusu asubuhi, nilisimama mbele ya mashine ya kutolea pesa karibu na Nyabugogo. Nilihitaji faranga 40,000. Mashine ikakataa. Nikajaribu 20,000, ikakataa. Nikajaribu 5,000, hata hiyo ikakataa. Salio lilionekana wazi kwenye kikaratasi: 1,287,400. Motari mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia kwa upole, "Kaka, labda mashine imekufa, ingia tu ndani."

Nikaingia. Dada wa dirishani akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akarudia kuangalia kompyuta.

"Akaunti yenu iko bloke."

"Nani ameibloka?"

"Ni kutoka juu."

"Kwa sababu gani, dada?"

"Sijui, kaka. Mtapigiwa simu."

Nilikaa siku 43 bila kupigiwa simu. Nilikwenda kwenye tawi lile mara tisa. Mara zote tisa nilipokelewa kwa adabu, nikaketishwa, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Siku niliyoomba barua ya kusema tu kwamba akaunti yangu imezuiwa, ili niwaonyeshe watu walionidai, nikaambiwa barua kama hiyo haitolewi.

Ndugu msomaji, nakuambia mapema ili usinisome vibaya. Siandiki hapa kutetea biashara ya sarafu za kidijitali. Niliifanya, nilikosea ndani yake, na makosa yangu nitayataja moja baada ya jingine. Ninachopinga ni kitu kimoja. Benki ina haki ya kuniuliza pesa hii imetoka wapi, tena ina wajibu wa kuniuliza. Haina haki ya kunizuilia pesa zote, kisha ikanyamaza. Na mashirika yaliyotuambia twende benki hayana haki ya kuangalia pembeni siku benki inapotufungia mlango.

Nianze na nilichofanya.

Nililelewa Gihembe, kule Gicumbi, tangu utoto hadi nilipohamia Kigali kutafuta maisha. Tangu 2023 nafanya kazi ya kusikiliza sauti za Kiswahili kwenye kompyuta na kuziandika kwa kampuni ya nje. Kampuni hiyo hailipi kwa benki. Inalipa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali iliyoanza 2014, ambayo waliyoitengeneza wanaahidi kwamba moja ni sawa na dola moja ya Marekani. Nilikuwa napata kati ya 60 na 90 kwa mwezi.

USDT hainunui unga Kimisagara. Lazima igeuzwe faranga, na njia niliyoijua ni ya kuuziana mtu kwa mtu. Kwa asiyejua: unaweka tangazo kwenye programu ya simu kwamba unauza. Mnunuzi akijitokeza, jukwaa linazishikilia sarafu zako. Mnunuzi anakutumia faranga kwa MoMo au benki. Ukishaona pesa zimeingia, unabonyeza kukubali, jukwaa linamwachia sarafu. Dakika kumi, mmemaliza, na hamjawahi kuonana.

Kwa mwaka mzima na zaidi nilifanya hivyo na hakuna aliyenigusa, kwa sababu pesa zilikuwa ndogo. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 vita vikafika Goma, na benki za mji ule zikafunga milango. Shangazi yangu yuko Ndosho. Binamu yangu yuko Nairobi, ana kazi, anataka kumtumia mama yake pesa ya chakula na dawa. Maajenti wa Goma wengi hawakuwa na noti, na waliokuwa nazo walikata walivyotaka. Njia halali kutoka Nairobi kuja kwangu Kigali ilikuwepo, sitadanganya. Ilikuwa ghali, na dirisha moja nililokwenda lilikataa kadi yangu ya mkimbizi, likataka pasipoti. Kwa hiyo binamu akawa ananitumia USDT, mimi nauza Kigali, napata faranga, namkabidhi mama mmoja mchuuzi anayevuka Petite Barrière kila siku, naye anamfikishia shangazi mkononi. Februari ile iliyapita kwenye akaunti yangu mara nne ya yale yaliyozoea kupita.

Sasa makosa yangu. La kwanza, nilipofungua akaunti niliandika kwamba ni ya mshahara na akiba, na sikurudi kusema kwamba mambo yamebadilika. La pili, nilikuwa nawaambia wanunuzi wasiandike neno "crypto" kwenye sababu ya malipo. Wengine waliandika "kodi ya nyumba", mwingine akaandika "harusi". Nilijiambia hiyo ni busara. Ilikuwa uongo mdogo mdogo, na benki ikiona uongo mdogo inatafuta mkubwa. La tatu ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa mweka hazina wa ikimina yetu ya Kimisagara, watu 16, wengi wao akina mama, Wakongo na Warundi. Kila mmoja alitoa 2,000 kwa wiki. Kwa wiki 20 tulikuwa na 640,000, na pesa hizo zilikaa ndani ya akaunti yangu, kwa jina langu, kwa sababu kufungua akaunti ya kikundi kulionekana usumbufu. Nusu ya kile kilichozuiwa hakikuwa changu.

Ikimina ilipangwa kugawana mwanzoni mwa Aprili, kabla ya muhula wa tatu wa shule. Siku ya kugawana nilikwenda mikono mitupu. Niliwaonyesha kile kikaratasi cha mashine chenye salio. Mama mmoja akakishika, akakigeuza nyuma kama anatafuta maandishi mengine, akaniuliza, "Mwanangu, pesa iko, na haitoki? Pesa gani hiyo?" Mwingine hakuuliza kitu. Alisema tu mbele ya wote kwamba hajawahi kusikia benki inamnyima mtu pesa bila sababu, kwa hiyo sababu ninayo na ninaificha.

Ndivyo ukimya wa benki unavyofanya kazi mtaani kwetu. Mtu aliyezuiwa bila barua hawezi kuthibitisha kwamba amezuiwa. Anaonekana mwizi kwa wale anaowadai imani. Mimi ningekuwa na karatasi moja yenye muhuri na tarehe, ningeiweka katikati ya mkeka na mkutano ungeisha kwa hasira lakini si kwa kuvunjika. Sikuwa nayo. Nikaandika hati ya deni ya 640,000 kwa mkono wangu, nikaisaini mbele ya kiongozi wa umudugudu. Mmoja wa akina mama, mwenye mtoto wa bweni, akaenda kukopa 50,000 kwa benki lamberi, ule mkopo wa mtaani ambao sote tunaujua, riba asilimia 20 kila mwezi.

Wiki ya pili tu tangu kuzuiwa, tawi lilikuwa limeniomba hati. Nilifurahi, nikadhani sasa tumeanza. Waliomba nakala ya kadi, hati ya makazi, na barua ya ubalozi wa nchi yangu kunithibitisha. Nilimweleza yule kaka wa dawati: mimi ni mkimbizi, ubalozi wa nchi niliyoikimbia siendi kuuomba ulinzi, ndiyo maana ya kuitwa mkimbizi. Akasema, "Naelewa, lakini fomu inasema hivyo kwa wageni wote." Huyo kaka hakuwa mtu mbaya. Fomu aliyopewa iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiria kwamba mgeni anaweza kuwa hana wa kumthibitisha ila serikali hii hii iliyompa kadi.

Tarehe 22 Aprili simu ikalia. Mtu wa idara inayochunguza miamala. Akanitajia jina la mwanamke na kiasi: faranga 85,000, Ijumaa tarehe 7 Machi. "Mnamjua huyu?" Nikasema simjui, lakini pesa hizo nazikumbuka. Siku ile niliuza USDT kwa kijana mmoja, na malipo yakaingia kutoka kwa jina ambalo si lake. Nilimwuliza, akasema ni dada yake. Nikabonyeza kukubali. Yule mtu wa benki akaniambia kilichotokea: mwanamke yule alidhani ananunua simu. Tapeli alimpa namba ya akaunti yangu kama ya muuzaji wa simu, akachukua sarafu zangu, akatoweka. Mwanamke akabaki hana simu, mimi nikabaki na pesa ya wizi bila kujua.

Nikamtumia picha za skrini za tangazo, mazungumzo, na saa ya muamala. Mazungumzo yetu yote yalichukua dakika kama kumi. Siku 43 za kimya, dakika kumi za swali. Zikapita siku nyingine 15, na tarehe 7 Mei nikapata ujumbe kwenye simu kwamba huduma zimerejeshwa. Zile 85,000 zilibaki zimezuiwa, na hapo sina ugomvi hata kidogo. Mwanamke yule aliibiwa, pesa yake irudi kwake. Ningekuwa mimi ndiye benki, ningeanzia hapo hapo, siku ya kwanza: ningeshika 85,000 zenye utata, ningempigia mteja, ningemwuliza.

Nikiwaeleza watu haya, napata majibu ya aina tatu. Yote nimeyasikia kwa watu wenye nia njema, kwa hiyo nayajibu kwa heshima.

Jibu la kwanza linatoka kwa watu wa benki. Wanasema sheria za fedha chafu zinawakataza kumwambia mteja kwamba anachunguzwa. Hilo ni kweli. Karibu nchi zote zina kanuni hiyo: benki ikipeleka taarifa ya shaka kwenye kituo cha serikali kinachochunguza fedha chafu, ambacho hapa Rwanda ni FIC, hairuhusiwi kumtonya mhusika, asije akaficha ushahidi. Naikubali kanuni hiyo. Lakini tazameni inakataza nini. Inakataza kuniambia kwamba taarifa imepelekwa na ina nini ndani. Haikatazi kuniambia kwamba akaunti imezuiwa tangu tarehe fulani, jambo ambalo mashine ya Nyabugogo ilikwisha kuniambia. Haikatazi kunitajia ofisi ninayopaswa kuiandikia. Haikatazi kuniuliza muamala huu ulikuwa wa nini, maana kuuliza ni kazi ya kila siku ya benki. Kanuni ya siri imekuwa blanketi la kufunika uvivu wa ofisi. Siku 43 hazikuwa za uchunguzi. Faili lilikuwa kwenye foleni, na mwenye faili hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Jibu la pili linatoka kwa wasomi wetu. "Crypto hairuhusiwi, ulitaka nini?" Hapa tuwe makini na tarehe. Machi 2025, mwezi uleule nilipozuiwa, Benki Kuu ya Rwanda na mamlaka ya masoko ya mitaji walitoa rasimu ya sheria ya kusimamia biashara ya mali za kidijitali, ili watu waitolee maoni. Mei 2025 Benki Kuu ikatoa tangazo la wazi kwamba kubadilishana faranga na sarafu za kidijitali, kwa njia hiyo ya mtu kwa mtu pia, hakuruhusiwi. Tangu tangazo hilo sijauza hata USDT moja kwa faranga, na nakuomba wewe unayenisoma Mahama au Kiziba usiuze. Lakini hata kitu kisichoruhusiwa kina utaratibu wa kushughulikiwa. Dereva aliyepita taa nyekundu anaandikiwa karatasi yenye kosa, kiasi na siku ya kulipa. Polisi haichukui gari, mke, watoto na mizigo ya abiria, kisha ikakataa kusema kosa ni lipi.

Tena tuangalie majirani, tuone jinsi maruhusa haya yanavyogeuka. Kenya, Novemba 2015, Safaricom iliikatia huduma kampuni iliyokuwa njia ya BitPesa kufikia M-Pesa. BitPesa ilikuwa inatumia bitcoin kupitisha pesa za watu. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba amri ya muda, na Desemba jaji akakataa kuitoa. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya ikawaonya wananchi dhidi ya bitcoin. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, nchi hiyohiyo ikapitisha sheria ya kuwapa leseni watoa huduma za sarafu hizo. Nigeria, tarehe 5 Februari 2021, Benki Kuu iliziandikia benki zitafute akaunti za wanaofanya biashara ya crypto na kuzifunga. Desemba 2023 ikalegeza, ikatoa miongozo ya benki kuwahudumia wenye leseni. Uganda, Aprili 2022, Benki Kuu ilizikataza kampuni za malipo kugeuza crypto kuwa pesa za simu. Mtu mmoja akaipeleka mahakamani, akashindwa 2023.

Sitaji haya kuonyesha kwamba benki kuu hazijui kitu. Zina sababu za kuogopa, na mimi mwenyewe ni ushahidi: tapeli alitumia akaunti yangu kama ndoo ya kuchotea. Nayataja kwa sababu mbili. Kwanza, yanayokatazwa leo yanaweza kupewa leseni kesho, na aliyezuiliwa pesa zake katikati harudishiwi muda. Pili, angalieni nani alipata kusikilizwa. Kampuni ya Nairobi ilishindwa, lakini ilishindwa kwa hukumu iliyoandikwa, yenye sababu ambazo hadi leo mtu anaweza kuzisoma. Yule wa Kampala vilevile. Mkimbizi wa Kimisagara hapati hata hukumu ya kushindwa. Anapata "rudi wiki ijayo".

Jibu la tatu linatoka kwa mashirika, na hili ndilo lililonikasirisha zaidi. Wiki ya nne nilikwenda kwenye dawati la msaada la shirika moja hapa Kigali. Nikaeleza. Nikaambiwa, "Hatuingilii mambo ya benki na mteja wake."

Nikawaza Gihembe. Mimi nakumbuka magunia ya mahindi na maharage, na foleni yake. Nakumbuka 2014, msaada wa chakula ulipogeuzwa kuwa fedha pale kambini. Tulikutanishwa, tukafundishwa namba ya siri, tukaambiwa hii ni heshima: utanunua unachotaka, utakuwa mteja kama wateja wengine. Na kwa kweli ilikuwa heshima, sitaikana. Baadaye zikaja semina za akiba, za ujasiriamali, za kufungua akaunti. Kila semina ilihesabu ni wakimbizi wangapi wamefungua akaunti, na hesabu hizo zikapigwa picha na kuwekwa kwenye ripoti. Gihembe ikafungwa 2021, watu wakahamishiwa Mahama, lakini kadi zikabaki mifukoni.

Sasa naulizeni ninyi wa mashirika, kwa heshima yote. Mlipokuwa mnatupeleka benki, mliingilia mambo ya benki na mteja wake. Mlikaa meza moja na benki mkapanga kadi, makato na mafunzo. Mnazo namba za simu za wakubwa wao. Inakuwaje siku ya kufungua akaunti mko katikati yetu mkipiga picha, na siku akaunti inapozuiwa mnasema hamuingilii? Ripoti zenu zina safu ya akaunti zilizofunguliwa. Wekeni na safu ya akaunti zilizozuiwa, za wangapi, kwa siku ngapi, na wangapi walipewa sababu kwa maandishi. Bila safu hiyo ya pili, ile ya kwanza inasema nusu ya habari.

Na msidhani ni habari ya vijana wa Kigali wenye kompyuta tu. Mama wa kambini anayepokea msaada wa chakula kwa kadi naye ana kijana Nairobi, Kampala au Marekani. Kijana huyo siku moja atatafuta njia rahisi ya kutuma, na pesa itaingia kutoka kwa jina lisilojulikana. Zikizuiwa, hazitazuiwa zile za kijana peke yake.

Kwa hiyo ninadai nini? Nadai mambo manne, na hakuna hata moja linaloifanya benki iwe dhaifu mbele ya wezi.

Kwanza, anayezuiwa apewe barua siku ileile, yenye tarehe, namba ya faili na jina la ofisi ya kujibu. Si lazima barua itaje uchunguzi. Itaje tu kwamba akaunti imezuiwa.

Pili, swali liulizwe mapema, kwa maandishi, pamoja na orodha ya hati ambazo mkimbizi anaweza kuwa nazo. Kadi ya mkimbizi inatolewa na serikali ya Rwanda. Anayetaka kuithibitisha aiulize serikali ya Rwanda, asinitume ubalozini.

Tatu, kizuiliwe kiasi chenye shaka. Ikiwa shaka ni 85,000, zishikwe 85,000. Ikibidi kushika zote, iwe kwa amri ya mamlaka yenye uwezo huo na kwa muda unaojulikana, na pesa ya chakula iachwe.

Nne, kila shirika linaloingiza pesa za wakimbizi benki liwe na mtu mmoja wa kupokea malalamiko haya na kuyafuatilia mpaka mwisho.

Sheria ya kuanzia ipo tayari. Rwanda ina sheria namba 017/2021 ya tarehe 03/03/2021 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Unalalamika kwanza kwa benki yenyewe, usiporidhika unapanda kwa msimamizi wake. Ipo pia sheria namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi, inayompa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinatumiwaje, hata pale kompyuta inapoamua badala ya mtu. Mimi nilizijua sheria hizi wiki ya tano, kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa sheria tuliyekutana naye Biryogo tukinywa chai. Hazikuwahi kutajwa kwenye semina hata moja niliyohudhuria, na semina nilizihudhuria nyingi. Niliandika malalamiko yangu, nikapeleka nakala mbili, nikadai muhuri kwenye yangu. Wiki iliyofuata simu ikalia. Labda ni bahati, labda ni muhuri. Mimi nasema andikeni na mdai muhuri.

Na sisi wenyewe tuna la kufanya, maana mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Pesa ya ikimina isikae kwenye akaunti ya mtu, hata awe mwaminifu namna gani. Uaminifu wangu haukuifungua ile akaunti. Pesa ikiingia kutoka kwa jina usilolijua, usiitoe wala usiitumie, irudishe ilikotoka kupitia benki. Usimwambie mtu aandike "harusi" pasipo harusi. Kama kazi yako inalipa kwa njia isiyo ya kawaida, beba mkataba na uwaambie benki kabla hawajakuuliza. Mimi sasa nimemwomba mwajiri alipe kwa uhamisho wa kawaida. Napoteza kiasi kwenye makato, na inachelewa. Nimekubali.

Tarehe 8 Mei, siku moja baada ya akaunti kufunguliwa, nilitoa 640,000 na kuzigawa zote mbele ya kiongozi yuleyule wa umudugudu. Kila mtu alipata 40,000 yake, tukaichana ile hati ya deni. Yule mama wa benki lamberi nilimlipia riba yake, 20,000, kutoka mfukoni mwangu. Alizipokea, akanishukuru, akasema Mungu ndiye anajua. Ikimina ilianza tena mwezi wa Juni, ikiwa na mweka hazina mwingine, na akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu. Mimi sikuitwa. Tunasalimiana njiani vizuri tu.

Benki bado haijaniambia kwa nini ilinyamaza siku 43. Nimewaandikia barua ya tatu. Nakala yangu ina muhuri.